Vigae Vyangu Kwenye Ankara Yako

6 Machi

Mkwe mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Natumaini mgongo wako umetulia baada ya kuinama siku nzima chini ya sinki langu. Mimi ni mzima. Goti ndilo linalonikumbusha umri, nami nalikumbusha kwamba ngazi bado zipo na nani atazipanda.

Chumba cha nyuma kimependeza mno. Leo asubuhi nimekifungua nikasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Rangi ni ileile niliyoitaka, ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Dirisha linafunguka bila kupigwa kumbo. Na bafu, mkwe, nimeoga mara mbili bila sababu yoyote. Mafundi wako, wale wanaokuita Bwana Pima ukigeuka, walifagia mpaka uani ambako sikuwaomba. Mwanangu, ambaye kwenu ni mkaza mwana na kwangu ni Chiriku tangu alipoanza kusema na asinyamaze, nimemwambia akishajifungua na kuja kupumzika kwangu na mtoto, atakataa kurudi kwenu. Amecheka.

Sasa kuna kijambo. Naandika kwa sababu habari za pesa hazisemeki kwa mkwe uso kwa uso, na kwenye simu mdomo wangu hauna breki. Chiriku ameniletea ankara. Chini ya bei tuliyopatana kuna mstari mwingine, kodi ya ongezeko la thamani, na chini ya huo kuna jumla mpya iliyonenepa. Mimi nakumbuka siku uliyokuja kupima. Uliketi sebuleni, nikawa namimina chai, ukataja bei, nikasema sawa. Kodi haikutajwa. Labda mstari huo ni wa mteja mwingine, umepotea njia. Ukiurudisha kwao nitalipa siku hiyohiyo.

Mkwe wako


9 Machi

Mkwe mwenzangu mheshimiwa,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Pole sana na goti. Mgongo wangu unaendelea vizuri, nikiinuka taratibu haulalamiki. Kijana wetu yuko safarini kikazi, atarudi mwisho wa mwezi. Binti yetu anakula, analala, na asubuhi anafika ofisini kwangu tumbo mbele yeye nyuma. Nimemwambia apumzike nyumbani, amenijibu kwamba akikaa nyumbani atazungumza na nani.

Nimefurahi kusikia umeridhika na chumba. Dirisha lile lilitutoa jasho, fremu ya zamani ilikuwa imepinda.

Kuhusu mstari ule, mkwe wangu, haukupotea njia. Kampuni yangu imesajiliwa ofisi ya kodi tangu mwaka jana, na kila kazi ninayofanya sasa lazima nitoze kodi hiyo niipeleke kwao. Haiingii mfukoni mwangu. Inapita tu mikononi kama maji kwenye bomba. Siku ile nilipotaja bei, nilitaja bei ya kazi na vifaa. Nilikuwa niongeze maneno mawili tu, "bila kodi", yakafika hapa kooni, nawe ukanisogezea kikombe na kuniuliza kama sukari inatosha. Nikaona haya kumtajia mkwe kodi mbele ya chai yake. Nikadhani utajua.

Nisamehe kwa kukusumbua. Nakusalimu tena.

Mkwe wako


11 Machi

Bwana Mkwe,

Salamu. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Unasema ulidhani nitajua. Ningejuaje? Nimefundisha hesabu watoto wa watu mpaka nikastaafu, lakini sijawahi kufundishwa kusoma koo la mtu. Ulichotaja ndicho nilichosikia, na nilichosikia ndicho nilichowekea akiba.

Lakini kodi sasa ni jambo la pili. Jana nilivaa miwani nikaipitia ankara yako mstari kwa mstari. Vigae vya bafu vimo. Vigae vile nilinunua mimi baada ya kupatana bei, kwa miguu yangu hii yenye goti bovu, nikavilipia dukani pamoja na kodi yake, na risiti ninayo kwenye kabati la vyombo. Mafundi wako ndio walionisaidia kuvishusha kwenye gari. Leo naviona kwenye ankara yako na bei kamili, na juu yake kodi kwa mara ya pili. Yaani nimeuziwa vigae vyangu. Kisha unaniandikia habari za maji kwenye bomba, unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyeandika ankara hii arudi darasa la tatu. Na kama alijua anachofanya, basi asisogee karibu na pesa za watu.

Nikwambie linaloniuma hasa. Mtoto wangu ni mmoja tu, na yuko kwako. Nilimtoa nikiamini ameingia kwa watu wenye utu. Kama mimi mwenye miwani na risiti nahesabiwa hivi, yeye humo ndani anahesabiwaje? Leo amekuja kuichukua barua hii, amekaa kidogo, ameangalia sakafu, hajasema neno. Chiriku, bwana. Alipokuwa mdogo nilikuwa namhonga peremende ili anyamaze. Sasa ananyamaza bure, na mimi roho hainitulii.

Mteja wako


20 Machi

Mkwe mwenzangu,

Shikamoo ya heshima, ijapokuwa umri wetu unakaribiana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nihakikishe mwenyewe. Nilipita duka la vigae, nikarudi ofisini kwenye daftari la vifaa, nikawauliza mafundi mmoja mmoja.

Una haki. Vigae ni vyako. Kwetu kila kinachoshushwa kwenye kazi huandikwa daftarini, awe amekinunua nani, ili nijue ukubwa wa kazi na siku za kuwalipa mafundi. Vyako viliandikwa pamoja na saruji yangu, na wakati wa kutengeneza ankara orodha yote ilihamishwa kama ilivyo. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeiandika. Naomba radhi bila kutafuta maneno.

Nakutumia ankara mpya, nimeiandika kwa mkono. Vigae havimo. Kodi nayo nimeifuta. Lipa bei niliyoitaja sebuleni ukitoa vigae, na kodi nitaipeleka mimi ofisini kwao kutoka kwangu. Mambo yaishe.

Binti yetu ni mzima. Umeuliza anahesabiwaje humu ndani. Swali hilo nimelisoma mara nyingi. Njoo siku yoyote bila kubisha hodi, uone.

Fundi wako


22 Machi

Bwana Fundi,

Salamu. Goti lina afadhali.

Ankara mpya nimeiona, na mwandiko wako umenyooka kama ukuta. Ndiyo maana siamini barua yako. Wewe si mtu wa kupima mara moja. Ulipokuja kwangu ulipima chumba, ukapima tena, ukampa fundi mwingine apime, halafu nilipokwenda kuchukua sukari nikakukuta unaipima meza yangu ya chai ambayo haikukuhusu hata chembe. Mtu wa namna hiyo avione vigae vya mwenzake avifanye vyake kwa bahati mbaya? Ankara ile hukuiandika wewe. Unamficha mtu.

Kodi sitaki unibebee. Mtaa mzima utasema nimemla mkwe wangu. Nitalipa kilicho haki yangu kulipa, tukishajua haki ni ipi. Lakini kwanza nataka jambo moja: huyo karani aliyeniuzia vigae vyangu, mwachishe kazi. Leo ni mimi, kesho atafanya kwa mteja asiye na haya kama yangu, akupeleke polisi, na mtoto wangu apeleke kikapu cha chakula mahabusu badala ya kulea. Akimwaga unga yeye, tutaelewana mimi na wewe. Asipomwaga, nitajua mko pamoja.

Sikuandika haya kwa furaha.

Mteja wako


25 Machi

Mkwe mwenzangu,

Salamu kwako na kwa goti.

Umesema kweli, ankara ile haikuandikwa na mimi. Na simfukuzi aliyeiandika. Ni mtu wa nyumbani kwangu, alikosea kama anavyokosea yeyote anayeanza, na mwenye kampuni ni mimi. Hasira yako ilete kwangu, nina mahali pa kuiweka.

Kama itakutuliza, usilipe chochote. Chumba ni chako.

Naomba tusiendelee kuandikiana kuhusu mtu huyo.

Mkwe wako, ukipenda nibaki mkwe


14 Aprili

Mkwe mwenzangu, baba wa mkwe wangu, babu mtarajiwa,

Salamu nyingi sana, nyingi kuliko zote nilizokwisha kukupa, ukazijumlishe na zile nilizokunyima mwezi wa tatu. Mgongo unaendeleaje? Usinyanyue vitu vizito. Waachie vijana.

Barua yako ya mwisho ilinikasirisha kiasi kwamba niliiweka chini ya kopo la chumvi nisiione. Ukimya wangu wote huu ulikuwa kiburi, hakuna jina jingine. Wiki iliyopita Chiriku alikuja mchana, akaketi kitandani kwenye chumba kipya kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Nikamletea maji ya kutia miguu. Nikaanza. Unajua nikianza. Nikamwambia baba mkwe wako kanibandikia kodi, kaniuzia vigae vyangu, anafuga karani mwizi na anamlinda, na wewe uko palepale ofisini unapokea simu, hebu niambie ni nani huyo nimjue.

Akasema, "Ni mimi, mama."

Nilikuwa nimeshika taulo. Nilibaki nimelishika.

Nilijua anapokea simu kwako. Sikujua umemkabidhi ankara. Amenieleza yote. Kwamba alikuomba mwenyewe umfundishe, na ulipomwambia achague ya kuanzia akachagua ya mama yake, ili niione na nijivunie. Kwamba kodi aliiongeza kwa sababu ulimfundisha kodi hairukwi, hata awe nani. Kwamba alijua tunazozana kuhusu mstari ule, maana siku ya barua ya kwanza nilinung'unika mbele yake, na mstari ule ni wake, ndiyo maana alinyamaza. Lakini habari ya vigae hakuijua mpaka nilipoitapika mimi. Hukumwambia. Hukumwambia kwamba amekosea, wala kwamba mama yake amesema mwandishi arudi darasa la tatu. Na darasa la tatu, mkwe, nilimfundisha mimi.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa kifuani hadi sasa. Kila alipokuletea barua yangu, ulikuwa ukiisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia mfuko wa shati. Akikuuliza, "Mama amesemaje?" unamjibu, "Mama yako anawasalimu wote. Anasema rangi ya chumba imempendeza." Hata ile niliyokuita mtu wa kupaka watu mafuta. Hata ile niliyotaka mtu amwage unga. Rangi imempendeza. Amesema alianza kushangaa mama anasifu rangi gani hiyo isiyokwisha.

Nililia, nakwambia wazi. Chiriku akadhani nalia vigae, akaahidi kuvilipa. Tukacheka mpaka maji ya miguu yakamwagika.

Nilikuuliza mtoto wangu anahesabiwaje kwako. Nimejibiwa. Nakuomba radhi kwa swali lile, na kwa kila neno lililotoka baada yake. Sikuwa na haki nalo hata moja.

Sasa tumalize ya kodi kiutu uzima. Kesho yake mimi na Chiriku tulikwenda ofisi ya kodi, na ankara zote mbili na risiti ya vigae. Dada mmoja mchangamfu alitupokea, akatoa kiti kwa ajili ya tumbo. Akasema kodi ipo na ni lazima ilipwe, hapo binti yetu alikuwa sahihi. Vigae havikupaswa kuguswa kwa kuwa vimeshalipiwa, hapo mimi nilikuwa sahihi. Na mwenye nyumba akitajiwa bei bila kuelezwa chochote, bei hiyo huchukuliwa kuwa kodi imo ndani yake. Maana yake ningeweza kusimama hapo na kodi yote ikatoka kwako. Nilitoka mle nimeshinda, na nilikuwa sina hamu nao ushindi huo, hasa Chiriku aliponiambia, tumeketi kwenye benchi la nje, kwamba kwenye hesabu za kazi yangu safu ya faida uliiacha tupu. Hukuweka hata senti yako. Ulitaka kunifanyia hisani mimi mkwe wako, ukaona haya kusema.

Basi sikiliza uamuzi wa mwalimu. Kodi tugawane, nusu yako nusu yangu. Wewe ulimeza maneno mawili kwa kuonea haya chai. Mimi nilisikia bei, nikajiuliza moyoni kama kodi imo, maana mjinga si mimi, nikaona haya kumuuliza mkwe, nikakimbilia sukari. Tulinyamaza wote wawili. Na faida yako uiweke, iwe ndogo lakini iwepo. Usiponiwekea sitalipa, na unajua naweza.

Mkwe wako


17 Aprili

Mkwe mwenzangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimeketi. Nilianza kuisoma nimesimama kama kawaida, nilipofika kwenye taulo nikavuta kiti.

Mgongo ni mzima kabisa, nadhani ulikuwa unaumwa na ukimya wako.

Nimekubali yote. Nusu kwa nusu ni haki, na faida nimeweka. Ankara ya tatu imo humu. Ameiandika binti yetu mwenyewe, nami nimeipima mara tatu kabla ya kuifunga. Ukiikagua na miwani na ukapata kosa, kosa hilo litakuwa la kwangu kweli, si la kumfichia mtu.

Usinisifu sana lakini. Nilimficha kwa sababu niliogopa. Jioni ile alipopeleka ankara ya kwanza kwako, alirudi anaimba. Aliimba jikoni, aliimba kwenye ngazi. Nyumba yangu ilikuwa kimya miaka mingi kabla hajaja, sote wanaume humu, mtu anasalimia asubuhi na jioni basi. Yeye akaja na maneno yake kuanzia kwenye mswaki mpaka kwenye mto. Nilipoiona barua yako ya darasa la tatu nikafikiri, nikimpa hii aisome, mle jikoni mtarudi kuwa kama zamani. Kodi naweza kuilipa. Ukimya ule sina cha kuulipia. Hata hivyo alinyamaza, kwa hiyo hesabu yangu nayo haikuwa sawa.

Tangu alipotoka kwako siku ile amefunguka. Leo asubuhi amenieleza ndoto yake yote, na ndoto ya jirani. Nilichelewa saitini.

Kuhusu ile meza ya chai, naomba nijitetee. Niliona ina mguu mmoja mfupi. Kikombe changu kilikuwa kinateleza.

Mkwe wako


2 Juni

Babu,

Salamu kutoka chumba cha nyuma, ambako tuko watatu na wote wazima. Uliondoka juzi na shangwe zako kabla hatujakupa habari kamili, basi zipokee. Mjukuu wetu ananyonya, analala, anapiga kelele, kisha anaanza tena upya. Sauti ameirithi. Mama yake anamwambia kila kitu: hili dirisha, huyu bibi, hii rangi babu yako alisema inampendeza sana bibi. Hawanyamazi wote wawili tangu kunapokucha. Mimi naketi mlangoni na goti langu nimelinyoosha, nawasikiliza, wala sitamani kuhonga mtu peremende.

Vigae vimekaa vizuri. Maji hayatuami. Nusu yangu ya kodi nilikwisha kulipa, risiti nimeiweka kwenye kabati la vyombo pamoja na ile nyingine, zikae pamoja zizoeane.

Nimeketi hapa nikaona ukuta wa upande wa kitanda uko mtupu. Nataka rafu ya nguo za mtoto, ya mbao, isiyo juu sana kwa sababu ya goti. Na ule mguu wa meza nao. Njoo Jumamosi, uje na futi yako. Utakaa palepale ulipokaa. Utataja bei, na utasema kama kodi imo ama haimo. Nitakuwa namimina chai, lakini safari hii nitakuuliza.

Bibi